Naomba ushauri: nataka kutulia nijue siku zangu zinaenda wapi

Mwambao_T (mleta uzi)
Habari za humu wakuu. Nipo Tanga mjini, miaka 36, mke na watoto wawili, kazi ya ofisini, mahesabu ya watu. Sina njaa, sidaiwi. Ila siku zinanipita kama daladala iliyojaa. Nalala nimechoka, na ukiniuliza leo nimefanya nini cha maana sina jibu. Juzi, mwezi mpevu, nilitoka kazini saa kumi jioni nikashuka Raskazone. Maji yametoka, mashua zimelala ubavu, nikatembea mchangani hadi zilipo. Nusu saa tu, lakini moyo ulitulia kweli. Mtu anaanzaje kupunguza kasi na kujua kipi hasa kinaipa siku yake ladha? Naomba hatua, si maneno matamu.

Daftari_Kubwa
Nunua daftari la kuingia mfukoni. Simu hapana, utaifungua uandike ujikute kwenye magrupu. Chora safu tatu: saa, ulichofanya, alama. Alama ni kuanzia kutoa 2 hadi jumlisha 2, na unaiweka kwa ulivyojisikia jambo likishakwisha, siyo ukiwa katikati yake. Kuperuzi simu kitandani ni tamu ukiwa ndani, ukiizima imeshashuka hadi kutoa 1. Kumpeleka mtoto shule kwa miguu mara nyingi ni kinyume chake.

Andika mara nne: saa nne, saa saba, saa kumi na moja, na kabla ya kulala. Wengi huharibu kwa kuandika usiku pekee, kisha uchovu wa usiku unaihukumu siku nzima. Kosa jingine ni kuishia wiki moja. Nenda siku 28, zipite siku za mshahara na zile ambazo mfuko umekauka. Mwishoni usijumlishe. Tafuta yaliyopata 2 zaidi ya mara tatu, na yale yasiyochukua hata muda wa saa moja ndiyo uyatengee nafasi kwanza.

Bi_Chumbageni
Mwanangu, kabla ya daftari, sali alfajiri na usirudi kulala. Muda ule hadi saa moja nyumba imetulia, mtu anajisikia mwenyewe. Halafu mke umemtaja kwenye hesabu tu. Yeye anasemaje?

ChapaBaiskeli
Tanga hii hii ya waja leo waondoka leo unataka kupunguza kasi tena? Nusu ya mji iko juu ya baiskeli, ukipunguza zaidi ya hapo unaanguka.

Mkaguzi
Swali lako lina mkia. Mtu asiye na njaa wala deni haji hapa Alhamisi saa tano usiku kuulizia daftari. Umeshafanya nini?

Mwambao_T
Sijafanya kitu. Barua ya kuacha kazi nimeichapa tu, haina tarehe. Na kuna ngalawa Pangani nimeitangulizia laki nne, bei ni milioni moja na laki mbili. Si pupa, nimeliwaza miezi. Kama bahari ndiyo inanituliza, kwa nini nisiifuate?

KalafatiPangani
Laki nne bila kuipindua? Ngalawa ni gogo moja lililochongwa, mara nyingi mwembe, na mwembe huoza ndani nje kukiwa kuzuri. Ipandishe nchi kavu, ijaze maji hadi nusu, subiri saa mbili, uone yanapotokea. Ufa unaofuata urefu wa mti unazibika kwa pamba na mafuta. Ufa unaokata upana mwachie mwenyewe. Kisha choma kisu tumboni, pale maji yanapotuama: kikizama kama kwenye embe bivu, ondoka. Kamba zinazoshika miti ya pembeni usiziamini hata kidogo, fungua funga upya. Leseni ya uvuvi ni ya kila mwaka. Na upepo wa kusi wa Juni na Julai hauna utulivu unaousema.

Daftari_Kubwa
Tena kutembea mchangani siyo kuvua. Ulichopima ni nusu saa bila bosi na bila simu. Ngalawa bado hujaipima.

MajiMafu
Samahani wakuu, hii chai. Mwezi mpevu ni bamvua, maji hujaa na kutoka kupita kawaida. Pwani yetu maji ya bamvua hujaa kwenye saa kumi, jioni na alfajiri, na hutoka kwenye saa nne. Kila siku husogea dakika 50 hivi. Saa kumi jioni ya mwezi mpevu Raskazone ungekuwa unaogelea. Mashua gani ilale ubavu? Huyu yuko Dodoma anatunga.

ChapaBaiskeli
Chai yenyewe ya tangawizi.

Bi_Chumbageni
Na mimi nimeshamwombea dua!

Mwambao_T
Sijatunga. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mkaguzi
Jumanne, saa nne asubuhi. Siku ya kazi.

Mwambao_T
Sijaenda tangu Jumatatu. Nyumbani natoka nimevaa kama kawaida, narudi saa kumi na moja. Simu za bosi sipokei. Mke hajui. Lakini kuacha nilishaamua, kwa hiyo sioni tofauti.

Mkaguzi
Tofauti ipo. Kutoonekana bila ruhusa zaidi ya siku 5 za kazi ni kosa la kufukuzisha, na wewe umeshakula 4. Kesho saa moja na nusu uwe kwa mkuu wako, bila cheti cha hospitali cha kununua. Omba likizo ya mwaka. Sheria ya ajira ya 2004 inakupa siku 28, ila tarehe hupanga mwajiri, kwa hiyo omba, usitangaze. Ukiacha kweli, kwa mshahara wa mwezi notisi ni siku 28. Ukigoma kuzifanyia kazi wanaweza kukata fedha hizo kwenye stahili zako. Na anayeacha mwenyewe asitegemee kile kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka.

Daftari_Kubwa
Na daftari ligawe: siku 14 kazini kwanza, 14 likizoni. Likizo peke yake itakudanganya.

MajiMafu
Nafuta neno chai. Lakini saa hubadilishi mbele ya watu wa pwani.

Mwambao_T
Barua nimeizoea, iko mfukoni. Mke nimwambie kabla ya ofisi au baada?

Bi_Chumbageni
Usiku huu huu. Suruali za kazi anafua yeye, mchanga wa Raskazone ameshauona.

KalafatiPangani
Na ile laki nne, mliandikishana?

Mwambao_T
Hapana.