Msaada: lethi kuukuu ya Myford imeshika kutu, tuanzie wapi?

Nahodha wa Langoni (Lamu)
Assalamu alaykum, wakubwa shikamooni. Tumenunua mashine ya kukereza chuma, Myford ML7, kwenye karakana iliyofungwa huko bara. Imevushwa kwa mashua kutoka Mokowe na imefika salama. Tunataka kukereza shafti za boti na bushi (mikono ya chuma ambamo shafti huzunguka) hapahapa Lamu. Sasa hivi bushi moja ikilika lazima ipelekwe Mombasa, na boti inakaa bure wiki nzima na wavuvi wake hawali.

Kitanda (msingi mrefu wa mashine) kimeshika kutu, zaidi upande wa chaki (kifaa kinachobana chuma kinachokerezwa). Spindeli (mhimili unaozungusha chaki) inacheza kidogo. Tandiko (sehemu inayobeba kisu juu ya kitanda) linateleza vizuri karibu na chaki, likielekea mwisho linabana. Jirani yetu mchomeleaji anasema tupige grinda kitanda chote, kisha rangi. Roho yangu inasita.

Fundi Kisauni
Wa alaykum salaam. Grinda isikaribie hapo! Usahihi wote wa mashine uko kwenye reli za kitanda. Ukizipiga grinda itang'aa, lakini shafti zitatoka nene huku na nyembamba kule. Paka mafuta ya taa, acha usiku kucha, asubuhi sugua taratibu kwa sufi ya chuma. Vishimo vyeusi vikibaki viache, havidhuru kazi. Kinachodhuru ni kinundu kilichoinuka.

Hilo la kubana mwishoni ni uchakavu. Kitanda hulika zaidi karibu na chaki kwa sababu kazi nyingi hufanyika pale. Aliyekuwa nayo alikaza tandiko lisicheze palipolika, ndiyo maana likifika palipo pazima linakataa. Legeza mpaka lipite urefu wote, ukubali licheze kidogo karibu na chaki.

Mama Karakana (Malindi)
Mwanangu, nati na vishikio vya chuma vitie kwenye ndoo ya plastiki yenye maji na magadi. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida, na viwili hivyo visigusane. Usitumie stenlesi, inatoa kromiamu yenye sumu. Fanya nje palipo na upepo, mbali na moto, kwa sababu haidrojeni inatoka. Alumini na zinki zisiingie humo, magadi yatazila.

Nahodha wa Langoni
Ahsante sana mama, ahsante fundi. Na spindeli je? Pia mota iliyokuja nayo ni ya fezi tatu, na sisi tuna fezi moja.

Mkerezaji Mstaafu
Spindeli ya ML7 hukaa kwenye beringi za metali nyeupe, laini sana, kwa hiyo mchanga ni adui. Safisha kwanza. Kisha fungua vifuniko vya beringi, utaona shimu (vipande bapa vya kujaza nafasi) zenye tabaka nyembamba. Bandua tabaka moja, funga, zungusha kwa mkono. Ikiwa bado inacheza, rudia. Ikizunguka kwa uzito, umepitiliza, rudisha tabaka. Tia mafuta mepesi ya mashine, grisi hapana.

Mota tafuta ya fezi moja, nusu hospawa, ya mizunguko kama 1,425 kwa dakika. Hakikisha upande wa juu wa chaki unazunguka kukujia wewe. Chaki ya ML7 imefungwa kwa hesi kwenye spindeli. Mota ikiunganishwa kinyume, chaki inaweza kufunguka yenyewe ikiwa kasini, na chuma kizito namna hiyo kikiruka kinaua. Na huko Lamu nawajua: kikoi na mikono mirefu vikae mbali na mashine.

Fundi Kisauni
Naongeza. Nati zake nyingi ni za Whitworth (kipimo cha zamani cha Kiingereza cha inchi), tafuta spana zake, za milimita zitakula pembe. Skrubu ndefu inayosukuma tandiko wakati wa kukata hesi nayo ni ya inchi, nyuzi 8 kwa inchi, kwa hiyo hesi za milimita zitahitaji gia nyingine. Jioni mkifunga kazi, futa vumbi la chuma, paka mafuta kitanda chote, funika kwa kitambaa cha pamba kilicholowa mafuta. Turubai la plastiki msitumie, linafungia unyevu ndani, na wakati wa kusi hewa yenu ina chumvi tupu.

Nahodha wa Langoni
Nimemwambia jirani aweke grinda yake. Kesho tunaanza na mafuta ya taa. Mwenye spana za Whitworth anazouza, iwe Malindi au Mombasa, anitumie ujumbe.