MREJESHO: Kujifunza usimamizi wa ofisi ya kliniki

Wakuu, shukrani. Niliuliza nianzie wapi: mapokezi, mafaili au bima. Nilifuata ushauri wa kuanza na madai ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, Tanzania), na umelipa. Nilikagua Fomu 2A/B (fomu za kudai malipo ya matibabu) kumi kila jioni: namba ya kadi, namba ya idhini, msimbo wa ICD-10 (orodha ya kimataifa ya magonjwa), saini ya mgonjwa, kisha kujumlisha bei upya. Makato mengi (NHIF kupunguza malipo ya kliniki) hutokana na dawa isiyoendana na ugonjwa ulioandikwa. Fomu ina B54 (malaria), dawa ya presha imo, I10 (msimbo wa presha) haipo: dawa hiyo inakatwa. Mrudishie daktari siku hiyohiyo; mwisho wa mwezi hakumbuki kitu.

Kilichokwama ni uhasibu. Video hazikutosha, usuluhisho wa benki (kulinganisha daftari la ofisi na taarifa ya benki) bado unanigomea. Hapo tafuteni mwalimu wa ana kwa ana.