Nimekosana na muzee wa butiki ya ng'ambo kwa sababu ya sukari (Goma), naomba ushauri

MamaNdosho
Jambo yenu wote. Nina butiki ndogo huku Ndosho, chumba kimoja kinachotazama barabara, nina miezi saba sasa. Ninauza vitu vya kila siku: sukari, chumvi, mafuta, sabuni, uniti za simu. Ng'ambo kuna butiki ya muzee mmoja aliyekaa pale miaka mingi, na kabla ya kona ziko nyingine mbili. Upande wangu yuko kinyozi, fundi cherehani, na mama anayekaanga mandazi.

Mwezi uliopita nilishusha sukari faranga 200 kwa kilo chini ya bei ya muzee. Wateja wakajaa, nikafurahi. Wiki mbili baadaye mifuko miwili imeisha, nahesabu feza, haifiki kununua miwili mingine. Na muzee haitikii tena salamu yangu.

Kinachoniumiza zaidi ni chenji. Mnajua wenyewe, tangu benki zifungwe Januari 2025 noti ndogo ni za kutafuta na tochi, na zilizopo zimechakaa vibaya. Zamani nilikuwa namtuma mtoto kwa muzee na noti ya 10,000, anarudi nayo imevunjwa. Sasa anaambiwa hakuna. Butiki zile mbili nazo, hakuna. Mteja anakuja na 5,000 anataka sabuni ya 1,000, sina cha kumrudishia, anavuka barabara. Nihame? Garanti ya chumba nimeshamlipa mwenye nyumba, kodi ya miezi sita.

kijana_wa_birere
Dada, biashara si undugu. Shusha na mafuta pia, watafunga wao.

YayaBora
Wewe kijana umewahi kuuza hata karanga?

Mama Ndosho, tupige hesabu. Mfuko ni kilo 50. Mia mbili mara hamsini, umegawa 10,000 bure kwa kila mfuko. Toa feza ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka depo. Halafu najua unauza kadogo, vile vifuko vya vijiko viwili vitatu: kila ukipima chembe zinamwagika, mkono wa huruma unaongeza kidogo, na kilo 50 hazitoki 50. Faida yako yote ilikuwa ndani ya zile 200.

MuzeeDepo
Binti yangu, lava ya volkano ya Nyiragongo, Januari 2002, ilipita juu ya butiki yangu. Nilikuta jiwe jeusi, bado lina joto. Aliyenipa kartoni ya kwanza ya sabuni nianze tena juu ya meza ni jirani tuliyekuwa tunauza vitu vilevile, na tulishagombana mara nyingi. Nilichelewa sana kumlipa, wala hakuniuliza.

Rudisha bei kwanza, ndipo uende kwa muzee. Nenda mwenyewe, usitume mtoto. Asubuhi, wateja hawajaja. Usibebe zawadi, atadhani unamnunua.

Sasa chenji. Unaitafuta kwa wenye butiki, na wao wanaitafuta vilevile. Feza ndogo za barabara yenu zinalala kwa mama wa mandazi! Nani anamlipa na 20,000? Kila asubuhi anakusanya za 200 na 500 mpaka fundo la kitenge linakuwa zito. Na ngano, hamira, mafuta, anavitoa wapi? Muulize. Ukimfungulia saa kumi na moja alfajiri, ngano iko tayari, atakulipa kwa noti hizohizo unazozililia. Fundi anahitaji uzi na sindano, kinyozi nyembe na spiriti. Wote hao wanafunga kazi kwenda kununua mbali wakati wewe uko hatua kumi. Sukari uwe nayo kidogo, kwa bei ya muzee.

kijana_wa_birere
Sawa muzee, nimenyamaza. Lakini huyo mama akiomba ngano kwa deni?

DaftariJekundu
Ataomba tu. Mpe deni la siku moja: anachukua alfajiri, analipa saa nne akimaliza kuuza. Ya jana haijalipwa, ya leo haitoki. Andika mbele yake. Mama Ndosho hukusema chochote juu ya madeni ya wengine, ila miezi saba na feza haifiki mifuko miwili... nahisi si sukari peke yake.

MamaNdosho
@DaftariJekundu umenishika. Shemeji yangu peke yake ana ukurasa mzima.

Nimerudi kuwaambia. Juzi nilirudisha bei, leo asubuhi nikavuka. Muzee alikuwa anapanga viberiti, akanitazama juu ya miwani, akauliza: "Sukari kwako ngapi leo?" Nikamtajia. Akaendelea kupanga viberiti mpaka safu ikaisha. Kisha akavuta kopo la maziwa chini ya meza, akanihesabia noti za mia tano, zimelegea kama kitambaa, moja imeungwa kwa gundi. Hiyo ya gundi akaitoa, akanipa nyingine.

Mama wa mandazi anataka kilo tano za ngano kesho. Hamira ninunue wapi kwa bei ya jumla?

YayaBora
Uliza soko la Virunga, kwa wanaouza ngano. Na uangalie tarehe kwenye pakiti, hamira iliyolala haiumui kitu na mama atarudi kwako na karai lake.