Zoezi la pumzi linanizidishia mapigo ya moyo: mwili uliochoshwa na kazi unaanzwa wapi?

Mfunga_Hesabu
Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa wanaoelewa mambo ya msongo na mwili. Kazi ni hesabu, masaa 12 hadi 14 kwa siku, miaka kadhaa mfululizo. Sisikii njaa mpaka mikono itetemeke, mabega yamekakamaa, usiku macho kodo. Kila mtu anasema "vuta pumzi ndefu", lakini ndani ya dakika mbili vidole vinakufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi na moyo unakwenda mbio. Nakosea wapi?

Tiba_Viungo
Mkuu, hiyo ganzi haitokani na kukosa hewa, ni kinyume chake. Unavuta hewa nyingi kuliko mwili unavyohitaji, hewa ya ukaa inapungua kwenye damu, mishipa ya ubongo inasinyaa, na hapo ndipo kizunguzungu kinaingia. Mwili ambao tayari una wasiwasi ukiona dalili hizo unadhani kuna hatari, moyo unaongeza kasi.

Usijaze kifua. Kinachotuliza ni mwendo wa polepole, na kutoa hewa kuchukue muda mrefu kuliko kuvuta, maana moyo hupunguza mwendo wakati wa kutoa. Kaa, egemea, weka kiganja chini ya kitovu. Funga mdomo, vuta kwa pua kimya kimya kama unanusa chai, hesabu 4. Toa ukihesabu 6. Hiyo ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika. Ukihisi kiu ya hewa, shuka hadi 3 kwa 4. Dakika tatu zinatosha. Ganzi ikirudi, acha kuhesabu, pumua kawaida.

Kaza_Legeza
Naheshimu jibu la hapo juu, ila mimi pumzi ningeiweka kando wiki mbili za kwanza. Mtu akishaanza kuiogopa, kila akiichunguza anajitia hofu upya. Aanze na misuli.

Njia hii ilianzishwa na daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, karibu miaka 100 iliyopita: unakaza kundi moja la misuli, kisha unaliachia. Misuli iliyokaza kwa miaka haisikiki tena kuwa imekaza, mwenyewe anaona ndivyo alivyo. Ukiikaza zaidi kwa makusudi halafu ukaiachia, ubongo unapata tofauti ya kuishika. Viganja kwanza, kisha mikono, paji la uso, taya, mabega, tumbo, makalio, mapaja, miguu. Kaza sekunde 5, achia ghafla, kaa sekunde 20 ukisikiliza sehemu hiyo tu. Mzunguko mzima ni kama dakika 4 hivi.

Wengi huharibu hapa: wanaachia taratibu (tofauti haisikiki), wanabana pumzi wakati wa kukaza (mwenye presha asithubutu), au wanakaza kwa nguvu zote. Nusu ya nguvu inatosha, hasa miguuni, la sivyo shavu la mguu litabana usiku huo huo. Penye jeraha au maumivu, ruka. Wapo pia wanaoshikwa na hofu pale mwili unapolegea. Hao wafanye macho wazi, wamekaa, nyayo zimekanyaga sakafu.

Taya uiangalie kwa makini. Ikiwa imetulia, midomo imefungana lakini meno ya juu na ya chini hayagusani. Jikague kila unapotoka chooni: meno, mabega, tumbo. Sekunde 10, basi.

Nesi_wa_Zamu
Mnakimbilia mazoezi wakati mtu kasema mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio! Apime kwanza: presha, sukari, wingi wa damu, na tezi ya shingoni. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi huleta kutetemeka, mapigo ya haraka na kukosa usingizi, na hakuna pumzi itakayoiponya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu wa kazini kuwa hali itokanayo na kazi, si ugonjwa, kwa hiyo hakuna kipimo cha damu kitakachouonyesha. Unaondoa mengine kwanza.

Kuhusu njaa, kwa sasa usiisubiri. Kula kwa saa, kila masaa manne, na kabla ya tonge la kwanza jipe alama ya njaa, 0 hadi 10. Siku za mwanzo utaandika sifuri tu, ni kawaida. Chai na kahawa mwisho saa sita mchana: kwa watu wengi nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya masaa kama matano, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni bado kinafanya kazi saa tatu usiku.

Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi, kuzimia, au mawazo ya kujidhuru: hospitali, sasa hivi.

Mfunga_Hesabu
Nimeelewa, shukrani sana. Vipimo kwanza. Na gym ya jioni?

Tiba_Viungo
Iache kwa sasa. Tembea dakika 20 asubuhi, mwendo ambao unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Kesho yake ukiamka umechoka zaidi, punguza nusu, usisukume. Na Jumapili amka saa ile ile ya siku za kazi, hata kama usiku hukulala vizuri.