Anayekuja kununua nyumba akague mpaka wapi?

Bi_Buruburu: Jamani, nisaidieni. Nauza nyumba ya marehemu mzee hapa Buruburu, Nairobi, na bado tunaishi ndani. Jumamosi broka alileta bwana mmoja, mkewe na shemeji yao. Viatu hawakuvua, na mimi nimepiga deki tangu saa moja. Bwana akafungua mifereji yote, akavuta maji chooni mara tatu, akafungua kabati lenye nguo zangu, kisha akataka tulisogeze aone ukuta. Shemeji naye akafungua friji. Friji siuzi! Bwana akanywa chai vikombe viwili, halafu akasema bei yangu ni ya wazimu, mbele ya mama. Heshima ya kutazama nyumba ya mtu inaishia wapi?

Fundi_wa_Mabomba: Friji hapana, hapo niko nawe. Lakini choo avute hata mara kumi. Hizo ni nyumba za miaka ya sabini, na mabomba mengi ya wakati huo yameliwa na kutu kwa ndani. Mvuto wa kwanza maji yanakuja kwa kishindo, wa tatu yanatoka kama ya kuombwa. Mimi nikienda kutazama nyumba hubeba sarafu ya shilingi ishirini, nagonga vigae kimoja kimoja. Kikilia kama debe tupu, saruji chini haikushika. Mtu atoe mamilioni halafu asiguse mfereji?

Bi_Buruburu: Nani amekwambia mabomba yangu yana kutu? Tulibadilisha yote. Hujawahi kukanyaga kwangu wewe.

Kijana_Ngong_Road: Mama, pole, lakini shukuru walikuja siku yenye maji. Mimi nilionyeshwa nyumba mifereji inatiririka kama Mto Sagana. Kuhamia, kumbe ilikuwa siku ya zamu, maji ni mara mbili kwa wiki. Siku hizi naenda siku ambayo si ya zamu, na nauliza bawabu, siulizi mwenye nyumba. Na broka alishanila elfu moja ya "kuona nyumba" kabla hata ya kutoa funguo.

Binti_Mvita: Mimi nimekwama kwa chai. Vikombe viwili kwa mtu ambaye hata bei hajataja? Ilikuwa chai gani?

Bi_Buruburu: Strungi tu. Maziwa yalikuwa yameisha.

Karani: Strungi! Mtu ametoka Ruai kwa matatu mbili, wewe unamwekea maji ya majani. Shemeji wa watu alikuwa anatafuta maziwa, maskini.

Binti_Mvita: Karani, hayo "maji ya majani" yafute. Kwetu chai ya rangi yenye iliki na tangawizi ndiyo ya mgeni wa heshima. Nyinyi wa bara mnachemsha maziwa mpaka yanafanya ngozi, kisha mnaita chai.

Karani: Hiyo ngozi ndiyo utamu wenyewe. Na iliki Bi Buru aliweka? Hebu aseme.

Bi_Buruburu: Niliweka sukari.

Broka_Mzoefu: Naona tunatukanwa tu hapa. Kijana, hiyo elfu moja ni nauli na muda wangu. Kuna watu wanatazama nyumba Jumapili baada ya kanisa kama wanaoenda kuona wanyama, hata depoziti hawana. Kuna mama nilimzungusha nyumba sita, zote akapiga picha. Kumbe anatafuta rangi ya kupaka sebule yake.

Kijana_Ngong_Road: Umesajiliwa? Kuna Sheria ya Maajenti wa Nyumba, Sura ya 533, na bodi ya usajili ipo. Weka namba yako hapa tuone.

Broka_Mzoefu: Wewe kwanza sema unafanya kazi gani.

Kijana_Ngong_Road: Nilijua.

Fundi_wa_Mabomba: Turudi kwa mama. Kosa la yule bwana ni mdomo, si mikono. Kasoro haitajwi mbele ya mama mzee aliyelea watoto humo. Unatoka, mkifika kwa geti unamwambia broka. Kuhusu kabati, Bi Buru, ungemwambia mapema kwamba utalifungua mwenyewe.

Karani: Tena mwelewe huyo bwana alivyoshtuka. Juu ya bei kuna wakili, kuna ushuru wa stempu asilimia mbili...

Binti_Mvita: Mbili ni ya mashambani. Mjini ni nne, na mnunuzi ndiye anayelipa. Hata hesabu yako umeitia maziwa.

Karani: Sawa, nne. Basi ndiyo maana alihitaji kikombe cha pili.

Fundi_wa_Mabomba: Bi Buru, hukujibu. Alipotaka kusogeza kabati, mlilisogeza?

Bi_Buruburu: Kabati ni zito. Na mimi niliuliza kuhusu heshima, sikuuliza kuhusu kabati. Jumamosi hii wanakuja wengine, broka anasema ni watu watano. Maziwa paketi mbili ziko kwa friji, viatu vitabaki mlangoni, na nguo nimezitoa, wafungue wakitaka. Lakini kabati litakaa pale pale.

Fundi_wa_Mabomba: Huo ukuta umepakwa rangi lini?

Karani: Mwacheni mama apike chai.