Naomba ushauri: niache benki ya nyumbani niende ya kimataifa?

Wakuu, habari. Mimi ni afisa mikopo kwenye benki ya hapa nyumbani, mwaka wa tano sasa. Nimepata ofa benki kubwa ya kimataifa, hapahapa Dar, kitengo cha kuzuia utakatishaji fedha. Mshahara karibu mara mbili, ila mkataba ni wa miaka miwili na bosi yuko London.

Kinachonitia hofu, hawa wageni huondoka. Barclays imeshakuwa Absa. Standard Chartered ilitangaza mwaka 2022 kuachana na wateja binafsi Tanzania, ibaki na makampuni. Wife anasema nisaini tu (ameshapigia hesabu kiwanja).

Mliopita huko, vikao vya usiku vipo kweli? Na mkopo wa mfanyakazi, mkataba ukiisha unakuwaje?