Madevelopa wa PS Vita (ile mashine ya magemu ya mkononi ya Sony), hivi herufi tisa tu zinawashinda? Emuleta yangu imefutwa!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Jana usiku nilishusha kigemu cha nyoka kisicho rasmi cha developa mmoja, VPK (faili la kusakinisha programu kwenye Vita) ya megabaiti chache tu. Nikaanza kukisakinisha, nikaulizwa kama nakubali ruhusa za ziada, nikakubali, mstari ukajaa. Narudi skrini ya mwanzo, emuleta yangu (programu ya kuchezea magemu ya mashine nyingine) haipo! Kiduara chake cha kuifungulia kimekaliwa na picha ya nyoka. Na sevu za miezi minne nilikuwa nimeziweka humo humo kwenye folda ya emuleta (ndiyo, hilo kosa langu, msianze).

Nikafungua VPK za zote mbili, nikasoma param.sfo, faili lenye taarifa za programu. TITLE_ID, yaani kitambulisho cha programu, ni ileile, herufi kwa herufi. Jamaa wa nyoka alikopi CMakeLists.txt ya watu (faili la maelekezo ya kujenga programu), akabadilisha VITA_APP_NAME, yaani jina, VITA_TITLEID, yaani kitambulisho, akaiacha kama alivyoikuta. Nimemwandikia, ananijibu eti "badilisha mwenyewe halafu pakia upya". Mimi ndiye niliyetengeneza?

Jamani, Vita haina habari na jina zuri ulilolipa gemu lako. Inaangalia zile herufi 9 za kitambulisho, na folda ya programu inaitwa hivyo hivyo ndani ya ux0:app, mahali programu zinapokaa. Programu mbili zikiwa na kitambulisho kimoja, inayokuja nyuma inamfukuza mwenye nyumba. Herufi 4 na tarakimu 5 zinatoa michanganyiko zaidi ya bilioni 45, na bado mnagombania ule wa kwenye mradi wa mfano!

Kuna wengine wana ugonjwa wa kinyume. Kila toleo jipya, kitambulisho kipya. Matokeo yake nina viduara vitatu vya programu moja, na sijui kipi kinasoma sevu zipi.

Mimi nasema tukubaliane hivi. Herufi nne za mwanzo ziwe zako wewe developa, uzitumie kwenye kazi zako zote, tarakimu tano zitofautishe programu. Usianze na PCS, hizo ni za magemu rasmi, PCSE, PCSB na ndugu zao, usije ukafuta gemu la mtu alilonunua kwa hela yake. Ukishatoa programu, kitambulisho usikiguse tena mpaka kiyama. Ukichukua kodi (code) ya mwenzako ukaiendeleza kivyako, hicho ndicho cha kwanza kubadilisha, kabla hata ya picha. Anayetaka kutumia neno zima poa, VitaShell (programu ya kusimamia mafaili ya Vita) wanatumia VITASHELL, hesabu, ni tisa kamili, na hakuna anayewachanganya na mtu.

Na kabla hujapandisha VPK, angalia kama kuna mwenzako anayetumia kitambulisho hicho tayari. Dakika mbili tu.

Nimefungua param.sfo za VPK zote 31 nilizonazo, nimekuta jozi nyingine mbili zinazogongana. Naziweka kwenye komenti ya kwanza. Wekeni na zenu.